Maombi Mawili, Paa Moja

Mume wangu alianguka kutoka paa la nyumba yetu hapa Muyeye, Malindi, wiki chache kabla ya masika. Alikuwa amepanda kung'oa makuti yaliyooza. Nusu akayang'oa, nusu yakamfuata chini. Alirudi kutoka hospitali na mguu uliofungwa plasta hadi pajani, na onyo moja: plasta isiingie maji. Juu ya kitanda chake palikuwa na mbingu tupu.

Mama mkwe akaja kumwuguza mwanawe. Alitoka kijijini kwao, ndani kabisa ya Kilifi, ambako mahindi yalikuwa yamekauka misimu miwili mfululizo.

Jumatano tulikwenda pamoja kwenye maombi ya akina mama. Desturi yetu ni kila mmoja kusimama na kutaja haja yake, wengine wakiitikia. Nikasimama: "Bwana, izuie mvua mpaka niezeke."

"Amina!"

Mama mkwe akasimama palepale: "Bwana, lete mvua. Tena usichelewe."

"Amina!" Kwa nguvu ileile.

Njiani nikamwuliza, "Mama, mbona unaniombea mafuriko?"

"Sijakuombea wewe, nimeliombea shamba."

"Na mwanao je?"

"Mwanangu atafunikwa. Leo tunaanza kushona."

Kama hujawahi kushona makuti, nikueleze: unachukua ufito, unakunja jani la mnazi juu yake, unalipishanisha na la pili, halafu unashona kwa sindano na kamba mpaka mwisho. Ni rahisi. Mama mkwe alimaliza makuti matano nami bado natafuta ncha ya kamba.

Waezekaji wote walikuwa kule Watamu wakitengeneza hoteli, kwa hiyo nilipanda mwenyewe. Mimi nimezaliwa bara, nikalelewa chini ya mabati. Nikaona busara nianzie juu, karibu na mgongo wa paa, kwa sababu huko ndiko tundu lilikokuwa, kisha niteremke safu kwa safu. Nilijisifu sana. Mama mkwe akarudi kutoka kuteka maji, akatazama, akatua ndoo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, hilo si paa, ni mfereji!"

Makuti huanzia chini, upenuni, ukipanda nayo, ili safu ya juu iilalie ya chini na maji yateleze nje. Yangu yangeyapokea maji na kuyapeleka moja kwa moja kwa mgonjwa.

"Kwa paa hili," akasema, "hata mimi siombi mvua tena. Toa yote."

"Mama, mwache," mume wangu akaita kutoka kitandani. "Nina siku nyingi sijaoga."

Nilitoa yote, nikilia kidogo. Mama mkwe alishona tangu asubuhi, vidole vimechubuka. Nikamwuliza, "Mama, unaamini kweli mvua itakuja?"

"Nisingeamini, ningeshona kwa haraka hivi?"

Mimi niliyeomba isinyeshe nilikuwa nikishona kuti moja na kutazama mawingu mara kumi.

Mvua ilikuja Jumamosi mchana, mgongo wa paa ukiwa bado wazi. Maji yaliingia kwa mstari mwembamba katikati ya chumba. Tukasukuma kitanda hadi ukutani; plasta haikupata hata tone. Mama mkwe alitoka uani, akasimama mikono wazi, leso imemganda mwilini, akiimba. Kisha akaingia, akapiga simu kwao.

"Huku ni vumbi tupu, mama," sauti ikasema.

"Haya," akasema, akachukua sindano yake. Nilimtazama akishona makuti ya mgongo wa paa langu, na nikaona haya.

Jumatano iliyofuata niliwahi kusimama kabla yake. Nikaomba mvua inyeshe kijijini kwao, tena isichelewe. Akasimama yeye, akaomba Malindi ipewe siku mbili za jua. Wenzetu walicheka, lakini waliitikia yote mawili.

Kesho yake akafunga mbegu za mahindi pembeni mwa leso.

"Kumenyesha huko, mama?"

"Bado. Lakini mbegu haziwezi kukaa Muyeye zikisubiri habari."

Aliniachia sindano na kamba. Mgongo wa paa niliumaliza peke yangu, mume wangu akiniamrisha kutoka kitandani. Mawingu yalitoka baharini, yakapita juu ya kichwa changu yakielekea kwao, nami nikiyahimiza yapite upesi.