Rupia ya Baba Mkwe Niliyoipiga Msasa

Jamani, aibu hii nimeificha miaka yote, hata kwenye kitubio sikumtajia padri (nilisema tu "na mengineyo"), lakini nyie ni watu wangu, chekeni, mkimaliza mnyamaze.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, maduka ya Sumbawanga yaliyokuwa matupu hadi panya wamehama yakajaa ghafla vitu ambavyo hata muuzaji hajui ni vya nini, na pamoja na vitu wakaja watu, na kati ya watu hao akaja mnunuzi wa rupia za Mjerumani, akafikia gesti moja karibu na stendi. Nilimshuku tangu siku ya kwanza. Viatu vyeupe, kwenye vumbi letu, wiki nzima havichafuki! Mtu wa kweli anachafuka.

Baba mkwe wangu, kule Malangali ya hapa hapa Sumbawanga, alikuwa nayo rupia moja ya fedha, nyeusi kama sufuria ya ugali, aliyoachiwa na babu yake aliyewabebea Wajerumani mizigo. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, inavuja, mama mkwe anakohoa kila masika, kwa hiyo rupia ile ndiyo ilikuwa bati zao za paa. Akanikabidhi mimi, mkwe mwenye cheti cha masomo ya jioni, kwa mikono miwili.

"Mkwe, wewe umesoma. Huyo mtu asije akatupunja. Kaa nayo, Jumamosi twende wote."

Ningeifungia sandukuni nikalala, leo ningekuwa mkwe mtukufu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nang'arisha vinara vya kanisa kila Pasaka kwa majivu na ndimu, hadi wanaume wa mtaa wetu wa Kizwite wanajitazama humo kunyoa ndevu (naongeza chumvi, lakini kidogo), nikajiambia bidhaa haipelekwi sokoni chafu, hata muuza nyanya anazifuta kwanza. Nikaanza na majivu. Haikutosha. Nikanunua kopo la dawa ya kung'arishia vyuma, maandishi yake sijui ya nchi gani. Haikutosha. Nikamalizia na msasa. Mke wangu Felista akachungulia mlangoni.

"Baba Neema, hiyo ni ya baba, si ya padri."

"Nyamaza, mama, hii ni sayansi."

Jumamosi tukaenda, baba mkwe na koti lake la misa, mimi nimekishika kitambaa chenye rupia mfukoni hadi vidole vinakufa ganzi, maana nilijua yule mtu anaweza kunibadilishia nikipepesa macho. Nikakifungua uani pa gesti mbele ya umati (kila mmoja alikuja kuhakikisha mwenzake haibi). Rupia ikawaka, kuku wakakimbia! Mnunuzi hakuigusa. Akatoa lenzi, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, hii imetengenezwa wiki hii."

"Ya babu hiyo!" nikaruka. "Nimeisafisha tu."

"Umeisafisha au umeifua? Si huku kwenu ndiko kwa wafua vyuma tangu enzi?" Watu wakacheka. "Na hata kama ni ya kweli, ule weusi ndio ulikuwa cheti chake cha kuzaliwa. Wakusanyaji wanataka ilivyozeeka. Hii mpelekee sonara aiyeyushe."

Nikamgeukia baba mkwe anitetee. Akaichukua, akaipapasa kwa kidole gumba, akaigeuza, akapapasa tena.

"Babu aliweka alama ya msumari hapa, chini ya masharubu ya huyu Mzungu. Iko wapi?"

Jamani! Ile alama niliiona. Nilidhani ni doa, nikaipa msasa wake peke yake.

"Nimeisugua, baba."

"Mh." Akanirudishia mkononi. "Mkwe, yangu umeiuza wapi?"

Nikaapa kwa watakatifu wote, hata wale nisiowajua. Sauti ikatoka nyuma: "Msomi wa jioni huyo, mchana haoni!" Nikamsihi mnunuzi aseme basi kama ni ya kweli, akafunga lenzi yake: "Siwezi kumtolea ushahidi mtu aliyekwanguliwa uso."

Sonara akaiyeyusha, malipo yake yakatosha pakiti ya misumari. Bati nikanunua mimi, moja moja, misimu minne ya mahindi, maana mvua ilikuwa inawanyeshea wazee na mimi naisikia nikiwa kitandani kwangu. Sasa oneni balaa: kila nikishusha bati uani kwa wakwe, shangazi zake Felista wanakonyezana, "Naam, mali ya watu inarudi." Nikiacha kununua, mama anakohoa. Nikinunua, najishitaki mwenyewe.

Siku ya bati la mwisho mama mkwe akanishika mkono, machozi yanamlenga. "Asante, mwanangu. Sasa umemaliza kurudisha, tumekusamehe."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama," nikashukuru kwa kusamehewa wizi nisioufanya, na tangu hapo kitu cha kale cha mtu kikija mkononi mwangu kikiwa cheusi, nakirudisha kikiwa cheusi.