Kengele ya Ng'ombe Kando ya Ziwa Magadi

Kwenye fomu ya kuweka nafasi ya ziara ya baiskeli kulikuwa na swali moja lililonisumbua: je, kuna mwendeshaji yeyote mwenye shida ya kuona? Mimi ni mtu wa kujaza fomu kwa uangalifu, tena kwa herufi kubwa. Niliandika HAKUNA, nikaituma kabla sijabadili nia.

Shida ilikuwepo. Baba yangu ana presha ya macho. Uwezo wake wa kuona ulikuwa umebanwa ukawa kama tundu. Akikutazama anauona uso wako vizuri, lakini haoni mikono yako, wala kiti kilicho kando yake, wala kikombe cha chai ulichomwekea mezani. Nilimleta Kitengela kutoka magharibi baada ya mama kufariki, na katika nyumba yangu ya kupanga alizoea kutembea akipapasa kuta huku akijifanya anakagua rangi. Daktari alituambia kwamba kilichopotea hakirudi, na kuhusu kilichobaki hakutuahidi chochote.

Baba alitaka kitu kimoja tu. Alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka, somo la maziwa ya Bonde la Ufa lilipofika, alichora flamingo ubaoni kwa chaki nyekundu, kisha akaifuta kidogo kwa kidole ili iwe ya waridi. Hakuwa amewahi kumwona hata mmoja.

"Huenda nimewadanganya watoto wengi," aliniambia jioni moja. "Labda shingo haipindi vile."

Alitaka kuwaona flamingo, na alitaka kuwafikia kwa baiskeli, kwa kuwa ndivyo alivyokwenda shuleni, kanisani, na hata kumposa mama. Kwa hiyo nilipoona tangazo la ziara za baiskeli kando ya Ziwa Magadi, likisema kwamba hata Kajiado ina pwani yake, sikufikiri sana.

Tulipitia Isinya hadi Kiserian, tukateremka Magadi, tukalala kwenye gesti ambayo feni yake ilizungusha joto lile lile. Kulipopambazuka tulikuwa kando ya barabara na baiskeli mbili za kukodi. Mwongozaji alifika akiendesha ya kwake. Alikuwa msichana Mmaasai wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa pale pale, helmeti ikining'inia kwenye hendeli.

"Sopa, mzee," alisema, akainamisha kichwa mbele ya baba.

Ndivyo alivyolelewa. Mtu wa umri wa baba yako unamwinamia, naye anakugusa kichwani. Mimi nimekaa Kitengela vya kutosha kulijua hilo, lakini baba hakulijua. Aliisikia sauti, akanyoosha mkono kama anavyosalimu watu wa kwetu. Kichwa kilikuwa chini kikisubiri, na mkono ukapita juu yake, ukabaki hewani. Wakakaa hivyo, mmoja ameinama, mwingine ameshika upepo, nami nikihesabu kimoyomoyo. Nilipofika tano msichana aliinuka, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akanitazama.

Alichomoa kitu kwenye baiskeli yake, akakishika chini, usawa wa paja. "Mzee, hebu niambie. Hapa niko na nini?"

Baba alimtazama usoni. "Uko na tabasamu."

Alicheka, ila hakudanganyika. "Niko na pampu." Kisha akanigeukia. "Madam, fomu ilisema hakuna shida."

"Mimi ndiye nilimwambia aandike hivyo," baba alisema haraka. "Huyu mtoto huandika anachoambiwa."

Hakuwa hata ameiona hiyo fomu. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya mbele yake nikiwa mdogo.

"Hakujua," nilisema. "Ni mimi nilidanganya."

Msichana hakukasirika. Alitueleza polepole kwamba mbele barabara inapita katikati ya ziwa, maji huku na maji huku, na maji yenyewe ni ya magadi, yanachoma macho. "Mtu akianguka huko, ni mimi nimemwangusha. Mzee apande gari. Ataona kwa dirisha."

Baba alikuwa ameshika kiti cha baiskeli kama mtu aliyeshika bega la rafiki. "Kwa gari nitaona dirisha," alisema, bila kulalamika.

Msichana aliangalia ziwa, akaangalia baiskeli. Akatuambia tungoje. Kwao palikuwa karibu, nyuma ya maduka, na aliporudi alikuwa na kengele ya ng'ombe, ya chuma, yenye ukanda wa ngozi uliong'aa kwa kuvaliwa. Akaifunga chini ya kiti cha baiskeli yake.

"Tulikuwa na ng'ombe kipofu," alisema. "Hii ilivaliwa na ile ya kutembea mbele. Ile kipofu ilifuata hii sauti miaka mingi, na haikupotea."

"Kwa hivyo leo mimi ni ng'ombe," baba alisema.

"Mzee, kwetu hakuna cheo kubwa kuliko hiyo."

"Na mtanikamua?"

"Tuone kwanza vile unaendesha."

Walikubaliana hivi: kengele ikilia, fuata, ikinyamaza, shika breki, weka mguu chini. Nikawekwa nyuma.

Barabara ilikuwa nyeupe kando kwa ukoko wa magadi, maji ya waridi yaliyokolea, harufu kama ya sabuni iliyooza. Pundamilia watatu walisimama mbali kwenye joto lililoanza kutetemeka. Kengele ililia kwa mwendo wa ng'ombe asiye na haraka, na kila mara msichana akaita, "Mawe kushoto, mzee! Sasa mchanga!" Baba aliketi wima, viwiko ndani, kama mtu anayewahi kengele ya asubuhi shuleni. Sikuondoa macho kwenye gurudumu lake la nyuma. Ndiyo maana sikuliona shimo langu mwenyewe.

"Nani ameanguka?" baba aliita bila kugeuka.

"Ni yule anaona!" msichana akajibu.

Walicheka mpaka kengele ikalia ovyo. Goti langu lilichubuka, na sikumbuki maumivu yoyote.

Mbele kidogo kengele ilinyamaza. Baba akashika breki, akaweka mguu chini. Msichana alishuka, akasimama nyuma yake. "Mzee, naomba nishike mabega." Akamgeuza polepole, kama mtu anayegeuza hendeli kwenye njia nyembamba, kidogo kulia, kidogo tena. "Hapo. Usisonge."

Nilitaka kumuuliza kama ameona. Nilijizuia.

"Shingo inapinda," alisema mwishowe. "Inapinda zaidi ya vile nilichora." Kisha, baada ya muda, "Na anakula kichwa kikiwa kimegeuka juu chini. Hilo sikuwaambia."

Nyuma ya flamingo huyo mmoja walikuwa mamia, ziwa lote limejaa.

"Nikuonyeshe ingine?" msichana aliuliza.

"Ngoja. Huyu sijamaliza."

Tulimngoja. Jua lilipanda, maji ya kunywa kwenye chupa yakawa ya moto, na yeye alikuwa bado hajamaliza.

Tuliporudi tulikoanzia msichana alisimama mbele yake kuaga. Aliinama, na safari hii akakohoa kidogo akiwa huko chini, ili ajulikane alipo. Nilikuwa nimemweleza baba desturi ile tukipumzika. Aliushusha mkono taratibu, akakitafuta kichwa upande mmoja, akakipata upande mwingine. Kidole kikagonga kitu kigumu.

"Toa hii kofia," alisema. "Siwezi kusalimia plastiki."

Msichana alivua helmeti, nywele zimelowa jasho, akainama tena. Mkono wa baba ukatua. Ulikaa pale muda mrefu kuliko desturi inavyotaka, na msichana hakuinuka.