Mwanangu Alipewa Kiti, Hakupewa Ngwe

Aliyetuandikia yuko Tabora. Jina lake tunalijua sisi, na litabaki kwetu.

Ndugu wasomaji,

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mshonaji, mkazi wa hapa Tabora mjini. Mume wangu anafanya kazi reli. Tuna watoto wanne, na huyu ninayewaandikia habari zake ni wa pili, binti wa miaka kumi na miwili. Nitamwita Mwasiti. Alipooza mguu mmoja akiwa mdogo, anatembea kwa mkongojo. Kichwa chake kizima, mdomo wake mzima kupita kiasi, na mikono yake ina nguvu kuliko ya kaka yake. Nyuma ya nyumba ana matuta yake ya karanga. Anaketi juu ya gunia, analima kwa jembe tulilolikata mpini, anajisogeza mpaka tuta linaisha.

Mwaka jana likizo ndefu ilipokaribia, kulikuwa na kambi mbili za watoto. Moja ya masista, ya watoto wenye ulemavu peke yao, wa dini zote: wanasuka vikapu, wanaimba, wanakula vizuri. Nyingine ya kijiji cha ujamaa kilicho upande wa njia ya Ulyankulu, ya watoto wote wa shule: kulima asubuhi, ngoma na michezo jioni. Mwasiti akataka hiyo ya pili, kwa sababu wenzake wa darasani walikuwa wanakwenda. Nikaona ni haki yake.

Mwalimu mkuu wa kambi akaja nyumbani mwenyewe. Mwanamume wa kalamu tatu mfukoni, ambazo sijamwona akiandika hata kwa moja. Akatuhutubia sebuleni kwetu utadhani tuko uwanjani. Kambi yake haibagui, watoto wote ni wa taifa, binadamu ni sawa. Nilimuuliza jambo moja tu, huyu mtoto atalimaje? Akacheka, akasema hilo nimwachie yeye. Nikamwachia. Nikamfungia mwanangu nguo, gunia na jembe lake, nikampandisha kwenye lori.

Jumapili ya kutembelea watoto nilikwenda na michembe ya viazi vitamu na karanga za kukaanga. Nikakuta wenzake wanatoka shambani wamejaa udongo, wanataniana. Mwanangu yuko kwenye banda la wageni, juu ya kiti cha ofisi, gauni safi kama lilivyotoka sandukuni. Jembe lake lilikuwa limefungiwa stoo tangu siku aliyofika.

Sasa sikilizeni utaratibu wa hao wenye akili. Kila mtoto anapimiwa ngwe, yaani kipande chake cha kulima. Wenye ngwe zinazopakana wanakuwa kundi, na kundi ndilo linalokwenda jikoni kuchukua sufuria yake ya ugali. Mwanangu, kwa huruma yao, walimsamehe kulima. Hana ngwe, basi hana kundi. Hana kundi, basi hana sufuria. Mtoto niliyemzaa mimi alikuwa anasubiri mpaka makundi yote yamekula, halafu mpishi anamkwangulia ukoko. Na hakuna aliyemnyima kwa ubaya. Angekuwepo mbaya mmoja ningemheshimu kidogo. Viongozi wazima, wameshiba, wanaliona jambo hilo kila siku, na hakuna aliyewaza kumwambia mtoto nenda kale na wale.

Nikamkabili mwalimu. Akanijibu kwa upole wa mtu anayemwelewesha mjinga.

"Mama, sisi tumemheshimu mgonjwa."

"Mwanangu si mgonjwa," nikamwambia. "Ana njaa."

Akatazama saa. Mgeni rasmi kutoka mkoani alikuwa njiani, akaniomba tuzungumze baadaye.

Mgeni alipofika ndipo nikajua kile kiti kilikuwa cha nini. Walikibeba na mtoto juu yake, wakakiweka mbele ya watoto wote, na mwalimu akawa anamwonyesha mgeni jinsi kambi isivyobagua. Mgeni akainama kumuuliza Mwasiti analima nini. Mwanangu akamwamkia kwanza, kama nilivyomfundisha, kisha akasema, "Silimi. Nimewekwa hapa."

Wakampigia makofi. Wallahi, walipiga makofi, na sijui walisikia nini. Nilimchukua mwanangu siku hiyohiyo, na jembe lake nikaliomba mwenyewe stoo.

Nilidhani yameisha. Sasa likizo imekaribia tena. Masista wana nafasi, na nimekwenda kuona kwa macho yangu: watoto wananenepa, hawaonyeshwi kwa wageni. Yule mwalimu naye kaja tena, anasema kambi imejirekebisha. Nilipomuuliza imerekebisha nini, akasema mara hii kiti kitakuwa na mto. Mume wangu alitoka sebuleni ili asimtukane mtu mzima. Yeye anasema mtoto aende kwa masista, na moyo wangu pia uko huko.

Mwasiti hataki. Anataka kurudi kwa walewale. Nikamkumbusha ukoko, akaniambia, "Mama, kwa masista wote tunakaa. Kule nitashika jembe langu mkononi, simpi mtu. Wasiponipimia, nitajipimia."

Ndugu zangu, watu wale nimewadharau mpaka mate yamenikauka, na bado nawaogopa. Mwanangu anaweza kujipimia ngwe mbele ya wenzake wote, nao wakamnyanyua wakamrudisha kitini, kwa huruma, huku wanatabasamu. Hapo atavunjika, na mimi ndiye nitakuwa nimempandisha lori mara ya pili.

Masista wanataka jibu Ijumaa. Lori la kijiji linaondoka Jumamosi. Nyinyi mnaolea watoto kama wangu, nishaurini, nifanye nini: nimpeleke akashibe, au nimpeleke akadai ngwe yake?