Uji Si Kitu cha Kula

Siku ile ya jino la babu yako naikumbuka vizuri sana, mjukuu wangu Aber, na jana ilinirudia yote uliponipigia simu kusema jino lako la mwisho limeota kwa upande na lazima litolewe. Ulisema daktari amekupa kuchagua: ganzi tu ukiwa macho, au dawa ya mshipani ya kukutuliza uwe nusu usingizini, au ulazwe kabisa usijue kitu. Umeshachagua kulala. Halafu, kwa kicheko kile chako, ukaongeza kwamba pumu yako hukuitaja, maana ungeitaja wasingekubali kukulaza. Mimi sikucheka. Leo nakuandikia, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kusema.

Babu yako hukumkuta. Alikuwa askari, Mwacholi mrefu wa kuinama mlangoni, nami nilikuwa msichana wa Bukavu niliyekuja Kampala kuuza vitenge. Alikicheka Kiswahili changu cha Kongo, nami nikakicheka chake cha kambini, lakini hatukuwa na lugha nyingine, na hiyo ilitutosha kuoana. Tulikaa Luzira katika nyumba za askari, pamoja na mama yake.

Basi jino likamshika. Shavu lilivimba hata kofia ya kazi ikakaa vibaya. Mtu yule hakuogopa bunduki wala mkubwa wake wa kazi, lakini kiti cha daktari wa meno kilimtoa jasho. Aliposikia kwamba kliniki moja ya Kabalagala wanaweza kumlaza, alifurahi kama aliyepewa likizo. Walimpa sharti moja: asubuhi hiyo asile kitu.

Asubuhi mama mkwe akaamka mapema, akapika uji wa mtama, akakoroga ndani yake odii, ile siagi ya ufuta na karanga ya kwao, mpaka ukawa mzito. Kwake yeye, kumpeleka mtoto hospitali na tumbo tupu ni sawa na kumtupa. Babu yako aliunywa wote. Wala hakuwa anamdanganya mtu. Wewe mwenyewe, mwanangu, umewahi kusikia nani anasema anakula uji? Uji tunakunywa, chai tunakunywa. Mimi nilikuwepo na sikuona ubaya wowote.

Daktari alikuwa dada mmoja Mganda, kijana, mpole. Alikuwa ameshamfunga mkono na kuuona mshipa alipouliza tena, kwa Kiswahili cha mjini hapa.

"Mzee, wewe arikula kitu leo?"

"Hapana, daktari. Mimi bado kula."

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akasimama. "Daktari, hii mtoto yangu nakunywa uji. Mimi mwenyewe napika. Odii iko ndani, mingi."

Babu yako alikasirika. Aliona ananyang'anywa usingizi wake. Akamwambia mama yake, mbele ya daktari, kwamba anamwaibisha, kwamba yeye si mtoto wa kuchungwa anachokunywa. Mama hakukaa.

"Aibu yako naisha leo jioni," akasema. "Wewe nikipoteza, mimi nakwenda kuzaa mwingine wapi?"

Daktari akaiweka sindano chini. Akatueleza taratibu kwamba dawa ya kulala hulegeza mwili mzima, na koo pia. Kilichomo tumboni kikipanda hakuna wa kukizuia, kinaingia mapafuni, na mtu anaweza kufa palepale kitini bila hata kukohoa. Kwa tumbo, alisema, uji ule na posho, yaani ugali, ni kitu kimoja. Nilikuwa na mimba ya mama yako, na kidogo tu nirudi Luzira mjane.

Akampa kuchagua upya: arudi siku nyingine akiwa na tumbo tupu kwelikweli, au atolewe jino leo kwa ganzi. Kisha akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza, hata mimi mkewe: anachoogopa hasa ni nini? Babu yako akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ni mlio wa vyuma. Kuna mambo aliyoyapitia vitani kaskazini ambayo hakuwahi kunisimulia, na siku ile ndipo nilipoanza kuyajua.

Daktari akamletea redio ndogo yenye waya za masikioni. Babu yako akachagua ganzi. Mama yake akamshika miguu, askari mzima na viatu vyake, na jino likatoka huku anasikiliza mpira. Kurudi nyumbani hakuweza kuomba radhi, mdomo ulikuwa bado umekufa ganzi, lakini alimshika mama yake mkono mpaka tukafika.

Sikukatazi kulala, mwanangu. Kuvumilia ganzi hakumfanyi mtu shujaa, na anayeomba usingizi si mwoga. Ila mwache daktari achague pamoja nawe akiwa anakujua wewe mzima. Mwambie pumu yako, na ile dawa unayovuta, na kila kidonge unachomeza. Na kama kuna mimba, usinikasirikie, mwambie pia. Mwambie unachoogopa. Muulize nani atakuwa anaangalia pumzi yako ukiwa umelala. Na akikuambia usile, taja maji, taja chai, taja uji na soda, kimoja kimoja, akujibu. Akisikia pumu akakataa kukulaza, mshukuru, umpe mkono. Jino lina daktari wa kulitoa. Wewe nikikukosa sina pa kukutoa.

Siku ya kwenda nitakwenda nawe. Usipoitaja pumu, nitaitaja mimi, na utanuna utakavyo.

Mungu aitulize mikono ya daktari wako, ailinde pumzi yako inapoingia na inapotoka, na akurudishe kwangu shavu limevimba, huwezi kusema, nipate angalau siku moja ya kuzungumza nawe bila kukatizwa.