Nani Ashuke Maji Makali

Juzi, kwenye ofisi ya safari za mtoni pale Mikindani, bwana mmoja alijiandikisha kushuka maji makali ya Ruvuma kwa boti la mpira. Akamwandikisha mkewe kwa wanaoanza, kwenye maji matulivu.

Dada wa mapokezi akamuuliza, "Ukitupwa majini utafanyaje, baba?"

"Nitapiga mbizi kwa nguvu zote!"

"Na wewe, mama?"

"Nitalala chali, nitangulize miguu ipokee mawe. Mtumbwi ulinipindukia kwenye maji makali hayohayo ya Ruvuma, nikienda kwa bibi, ng'ambo ya mto."

Mume akamgeukia. "Hukuniambia!"

"Hukuniuliza."

Dada akabadilisha fomu zao: mama maji makali, baba matulivu. Mama akasaini.

Waume wenzangu, tunajua wake zetu wanatia sukari vijiko vingapi, tukadhani tumemaliza kuwajua.