Sauti ya Mzee Kwenye Deki Yake

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili mtu asinidhanie shujaa. Ndivyo nilivyo, na siku ile ya Longonot niliogopa kuliko siku zote nilizoishi.

Nina kibanda mtaani Kaptembwo. Kazi yangu ni kuwekea watu muvi kwenye flashi na kwenye simu, na kubadilisha video isiyokubali mahali fulani ili ikubali. Wateja wangu wengi ni vijana wa simu, kwa hivyo programu yangu ya kubadilishia video niliiacha imesetiwa kwa simu: sauti nafunga kwa AAC, namna inayopendwa na simu, faili inakuwa ndogo na inasikika poa. Sikuwa nagusa hapo. Mkono ulikuwa umezoea, nami nikajiona fundi.

Jumanne moja akaja mama mmoja ambaye hufulia watu nguo mtaa wa Milimani. Juma zima hulala kwa rafiki yake hapa Kaptembwo, Ijumaa anarudi kwao Longonot, ambako watoto wake wanakaa na nyanya yao. Aliachana na mume miaka mingi, na babake akampa kona ya shamba, akajenga nyumba ya mabati. Sasa babake alikuwa ameaga. Jumamosi ndugu zake wangeketi na wazee wawili wa pale kugawa shamba, na yeye alikuwa na kitu kimoja tu cha kumtetea: video aliyomrekodi babake kwa simu, miezi miwili kabla hajafa, akisema nani apate wapi. Aliitaka iingie kwenye flashi, icheze kwenye deki ya mzee, ile mashine ya kuchezea sidii kwenye TV, kule nyumbani, watu wote waone.

Nikaibadilisha. Kibandani spika ilikuwa inapiga muziki kama kawaida, nami sikuizima. Nikamfungulia faili kwenye laptop, akamwona babake ameketi, midomo inacheza. Akaniuliza, "Na sauti iko?"

Nikamwambia, "Iko, mathe. Usijali."

Sikuwa nimeisikia hata neno moja. Tena nikaongeza ujuaji: simu yake ilikuwa imejaa, ikikwamakwama, nikamwambia nimfutie zile video kubwa kwa kuwa flashi anayo na mimi nina nakala kwenye laptop. Akakubali. Na Ijumaa jioni, kama kila Ijumaa, nikafagia laptop yote kupata nafasi ya muvi za wikendi. Haki, nikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakunywa chai simu ikalia. Alikuwa yeye, anaongea chini chini kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Boss, mzee anaonekana lakini hasikiki. Kakangu anasema nimemnyamazisha baba."

Nikajua kosa kabla hajamaliza. Video ina vitu viwili ndani, picha na sauti, na kila kimoja hufungwa kivyake. Laptop hufungua karibu kila kitu, lakini zile deki za zamani zinajua namna chache tu, na AAC si mojawapo. Sauti ilikuwa ndani ya flashi, nzima, ila deki haikujua kuifungua. Nikamwambia asiruhusu mtu aguse ile flashi. Akasema iko kwa kakake mkubwa, mfukoni, na ametishia kuitupa jikoni kwenye moto.

Ukweli ni kwamba niliwaza kuzima simu. Nani angenipata? Nikakaa pale na kikombe nikijiambia si mambo yangu, ni ya familia yao. Lakini nakala haikuwa kwa simu, haikuwa kwangu, na aliyesema sauti iko ni mimi. Nikabeba laptop na nyaya zake nikaenda, roho mkononi safari nzima.

Kakake mkubwa nilimkuta langoni. Alikuwa ameshika panga. Baadaye nilielewa alikuwa akipunguza ua, vijiti vimelala chini, lakini wakati ule sikuona vijiti. Niliona panga. Akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza kama ni mimi wa kompyuta. Nikasema ni mimi.

Ndani walikuwa wameketi: ndugu wawili wadogo, wazee wawili, na mama yao kwenye kochi la kona, leso kichwani, macho yake hayaoni vizuri tena. Mteja wangu, dada yao, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuketi, na hakuna aliyemwambia aketi. Deki ilikuwa chini ya TV, imefunikwa kitambaa kilichofumwa, na rimoti yake imevishwa karatasi ya nailoni. Nikaelezwa kwamba mzee akiwa hai hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ile rimoti.

Nikawaambia ukweli, au nusu yake: sauti ipo, wangoje niicheze kwenye laptop waisikie mara moja. Nilidhani nimewaokoa. Kaka mkubwa akatikisa kichwa.

"Kompyuta siku hizi inaongea sauti ya mtu yeyote. Hii deki baba aliinunua mwenyewe. Kama ataongea, ataongea hapa."

Wazee wakaitikia kwa kichwa. Nami ningebisha nini? Ni kweli, siku hizi inaongea. Akasema nitapewa nafasi moja. Ikikataa, kikao kinaendelea bila video, na dada atoe vitu vyake kwenye ile kona mwezi ukiisha. Yule dada aliniangalia tu, na afadhali angenitukana.

Nikapewa flashi. Jambo la kwanza nikanakili faili kwenye laptop, mara mbili, mahali pawili. Picha nisingeigusa, ni sauti tu ya kufunga upya. Lakini kwa namna gani? Deki nyingine hukubali MP3, nyingine AC3, nyingine zote mbili, na maandishi ya mbele ya ile deki yalikuwa yamefutika kwa kupanguswa kila siku. Nikikisia vibaya, mtu anapoteza nyumba. Na ndugu wote watatu walikuwa wamesimama nyuma yangu wakitazama kioo.

Hapo nikauliza kitu ambacho nilipaswa kuwauliza wateja wangu tangu zamani: mzee alikuwa anacheza nini humu? Mama yao ndiye alijibu, kwamba kila Jumapili alicheza sidii ya mahubiri, ileile. Wakanitolea. Nikaiweka kwenye laptop, nikafungua faili moja kusoma imefungwaje: MP3, sauti ya spika mbili, kipimo cha 128, kimoja mwanzo hadi mwisho.

Nikashusha pumzi, halafu nikaishika tena, maana programu yangu ukichagua MP3 hujiwekea yenyewe kile kipimo cha kupanda na kushuka. Kinahifadhi nafasi, lakini kwenye deki za zamani sauti huanza kuachana na picha. Kuna bwana harusi alishawahi kunirudishia video ambayo pasta wake anasema amina kabla hajafungua mdomo. Tulicheka sana siku ile. Sasa nikawaza mdomo wa mzee uende kulia na maneno kushoto mbele ya watu hawa, na kaka mkubwa aseme, mnaona? Nikafuata sidii ya mzee nukta kwa nukta: MP3, mbili, 128, kipimo kimoja. Nikasoma mara tatu. Nikabonyeza.

Ilichukua dakika chache, nami nilizeeka humo. Nikaiweka kwenye flashi kwa jina lingine, ile ya kwanza nikaiacha. Kaka mkubwa akaichomeka mwenyewe, akashika rimoti.

Mzee akatokea, ameketi nje ya nyumba, koti lake la kazi ya reli limefungwa vifungo vyote. Hakuna sauti. Anarekebisha kola. Hakuna sauti. Anaangalia kando, anangoja. Mtu mmoja nyuma yangu akasonya. Nikaangalia mlango, nikapima hatua kati yangu na lango, na panga nililiacha likiwa wapi.

Mzee akakohoa.

Mama yao akainua kichwa. Kisha ile sauti nzito ya mtu aliyepigia watu kelele relini maisha yake yote ikasema, "Hamjambo watu wangu."

"Hatujambo, baba." Chumba kizima kiliitika. Kaka mkubwa naye aliitika, nadhani kabla hajajua ameitika. Halafu akasogea karibu na TV, akainama, akawa anautazama mdomo wa babake neno kwa neno. Nami niliutazama, sijavuta pumzi. Mdomo na neno vilikwenda pamoja hadi mwisho. Mzee alitaja upande wa kila kijana. Mwishoni akanyoosha kidole kwa aliyeshika simu.

"Huyu msichana wangu asihamishwe. Kona hiyo nimempa, na watoto wake."

Mimi ndiye nilianza kuropoka: kwamba kosa ni langu, kwamba aliniuliza kama sauti iko nikajibu iko bila kusikiliza, kwamba yeye hakumnyamazisha mtu. Sijui kama walinisikia. Kaka mkubwa alikuwa ameketi chini, kofia mkononi. Akaigeuzageuza ile rimoti, akainuka, akaenda mlangoni akampa dadake. Akamwambia aketi.

Dada akaketi kando ya mama yao. Mama akamshika mkono, akamwambia arudishe pale mzee anapokohoa.

Akarudisha. Mzee akaonekana tena, anarekebisha kola, hakuna sauti. Nilijua iko, nimeifunga kwa mikono yangu, na bado niliogopa mpaka akakohoa.