Punda wa Bibi na Kura za Marekani

Wiki iliyopita wajukuu zangu wawili walikuja likizo hapa Gehandu. Walinisalimia vizuri, shikamoo bibi, nikawapa maziwa ya mgando, na kikombe hakijafika nusu wakaanza kugombana. Hawakugombania shamba. Waligombania Marekani. Wa kike anasema uchaguzi unaokuja kule chama cha tembo kitashinda, maana watu wake hawakai nyumbani siku ya kura. Wa kiume anasema hapana, safari hii ni punda, wananchi wamechoka na bei za vitu. Kila mmoja ananyoosha simu yake kama shahidi mahakamani. Mwisho wakanigeukia mimi: bibi, wewe unasemaje?

Nikawaambia wamalize maziwa. Lakini wewe nitakueleza, maana tumefahamiana vya kutosha. Swali hilohilo liliwahi kuingia nyumbani kwetu nikiwa mtoto wa darasa la tatu, na lilipotoka liliondoka na punda.

Nilikuwa nakaa na bibi mzaa baba. Wazazi walikuwa wamekwenda kulima Basotu, wakaniacha kwa bibi kwa sababu kwake shule ilikuwa karibu. Tulilala kwenye tembe, ile nyumba yenye paa la udongo, sisi upande huu, ndama na mbuzi upande ule, joto lao likawa letu. Asubuhi ilinuka moshi na kinyesi cha ng'ombe, na mimi mpaka leo sioni ubaya wa harufu hiyo. Bibi alikuwa anafukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, mimi nafunga madebe mawili kwenye mgongo wa punda, moja huku, moja kule, tunashuka chemchemi.

Alikuwa punda jike wa kijivu, sikio moja limechanika. Hakupenda kuharakishwa, ila hakusimama. Safari moja na yeye ilitosha maji ya siku nzima. Jua likigusa kichwa cha mlima Hanang nimesharudi, nakunywa uji, nakimbia shule. Na ilibidi kukimbia. Mwalimu wetu hakuwa na mchezo. Madawati yalikuwa machache, wenye kutaka kusoma wengi, na mtoto aliyezoea kuchelewa alifutwa jina akaingizwa mwingine. Mimi bila yule punda ningebeba debe moja kichwani mara mbili, na mara ya pili kengele ingekuwa imeshalia. Kwa hiyo elewa: masomo yangu yalikuwa yanatembea kwa miguu minne.

Sasa, jirani yetu alikuwa na vitu viwili ambavyo sisi hatukuwa navyo, redio na ng'ombe wawili wa plau. Redio aliibeba kwapani kama mtoto mgonjwa. Jumamosi moja, mawingu ya vuli yameanza kukaa mlimani, alikuja kwetu nayo, na mwalimu naye alikuwa amekuja kuchukua maziwa yake. Redio ikasema Marekani wanakaribia kuchagua rais. Mwalimu akatueleza, kwa upole wa kufundisha, kwamba kule kuna vyama viwili vikubwa, kimoja alama yake ni punda na kingine alama yake ni tembo.

Angenyamaza hapo tungebaki na amani. Maana sisi alama tulizijua. Miaka michache nyuma hapa kwetu watu walipiga kura kwa jembe na nyumba. Hukujua kusoma, ulitazama picha. Bibi yangu alichagua jembe, akaeleza kila mtu kwamba nyumba haijawahi kulisha mtu. Kwake yeye alama ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Kwa hiyo aliposikia punda na tembo, hakuuliza mgombea ni nani wala ana sera gani. Aliuliza kama Wamarekani wanalima.

Mwalimu akasema wanalima sana. Bibi akasema basi imekwisha, punda ameshinda. Alizaliwa Mbulu, karibu na msitu, na alikuwa ameona kwa macho yake tembo wanaingia kwenye mahindi ya baba yake na kuacha mabua yamelala kama mkeka. Mkulima gani mwenye akili, alisema, atapanga foleni kumwomba tembo aingie shambani? Jirani akacheka. Yeye aliona vingine. Marekani ni nchi kubwa, akasema, na mkubwa humchagua mkubwa mwenzake, atatakaje kuongozwa na mbeba mizigo? Mwalimu alijaribu kusema kwamba punda siye anayekaa ikulu, ni mtu. Hakuna aliyemsikiliza. Alichukua maziwa yake akaenda.

Wale wawili waliendelea mpaka sauti zikapanda. Kwetu, mtu akitabiri mvua, anatabiri na mbegu zake mkononi. Ukisema itanyesha, unapanda. Neno lisilo na kitu nyuma yake lilihesabiwa kuwa kelele. Basi bibi akaweka kitu. Tembo akishinda, punda wake angekaa kwa jirani akimfanyia kazi mpaka mavuno. Punda akishinda, ng'ombe wa jirani wangelima shamba letu kwanza, kabla ya la mwenyewe. Hilo halikuwa jambo dogo. Anayepanda na mvua ya kwanza ndiye anayevuna. Bibi aling'oa majani mabichi, akampa jirani nusu, nusu akabaki nayo, na neno likawa limefungwa. Mimi nilisimama na kata ya maji mkononi, na hakuna aliyeniuliza.

Siku zile zilikuwa ndefu. Nilimwombea punda kanisani, kwa jina lake la kawaida, Punda. Nilimlisha maganda ya maharage kama vile angesafiri yeye mwenyewe kwenda kuhesabiwa kura.

Asubuhi moja nafunga madebe, jirani akatokea. Hakuwa na redio. Alisimama nje ya ua akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani?"

"Tembo."

Bibi akasema, "Basi huko hawalimi. Mwalimu alitudanganya."

Akafungua madebe kwa mikono yake, akamkabidhi jirani kamba. Jirani alirudi nyuma kama kamba ina miiba. Akasema, mama, yale yalikuwa maongezi tu. Bibi akamwambia neno lake halina mguu wa kurudi, amchukue mnyama kabla jua halijawa kali. Nikamwona punda wetu anaondoka na sikio lake lililochanika, hata hakugeuka. Nikaanza kulia. Sikulia kwa ajili yake, nilililia jina langu kwenye daftari la mwalimu.

Bibi akanitazama. Hakuwa mtu wa kubembeleza, na mimi nimemrithi.

"Unalia nini? Ni wewe uliyesema punda atashinda?"

Nikasema hapana.

"Aliyetabiri ndiye mwenye maji. Nenda shule."

Akakunja kitambaa, akakiweka kichwani, akachukua debe. Mwanamke aliyekwisha kuzika mume na kuozesha wajukuu wengine, akashuka chemchemi, akarudi, akamwaga, akashuka tena. Hivyo kila asubuhi, toka mvua ya kwanza mpaka mahindi yakakauka. Mara mbili nilijaribu kumtangulia kuchukua debe. Mara zote mbili nilichapwa.

Wanawake chemchemini walifurahi kupita kiasi. Walimpokea kwa shikamoo Mama Marekani, wakamuuliza rais mpya amesemaje kuhusu bei ya mahindi. Bibi aliwajibu kwamba amesema wanawake wavivu wa Hanang wasogee wengine wachote. Wakacheka, naye akacheka, na mtu akamsaidia kujitwisha.

Aliyeteseka hasa ni jirani. Kushinda kule kulimkaa kooni. Kila siku anamwona mama wa watu anapita na debe huku punda yuko kwake anatafuna. Alikuja kurudisha kamba mara tatu, mara tatu akafukuzwa. Basi siku moja bibi yuko chemchemi, akaingiza ng'ombe wake kwenye shamba letu akalima haraka haraka kama mwizi. Bibi akamkuta kwenye mstari wa mwisho. Mimi nilidhani atampiga. Alitembea shamba lote akiangalia chini, kisha akamwambia mistari imepinda, na kama mtu anaiba kazi aibe vizuri. Halafu akamtengea makande, yakiwa na maziwa juu, akasimama hapo mpaka amemaliza.

Punda alirudi baada ya mavuno, amenenepa. Mimi nilikuwa nimeingia darasa la nne na sijafutwa. Nilimaliza hilo, na ndilo langu la mwisho, nafasi za juu zilikuwa za wachache. Lakini barua naandika mwenyewe, na Biblia nasoma mwenyewe, na haya unayosoma sikumtuma mtu.

Siku hizi bomba liko uani, chemchemi imebaki ya ng'ombe, na punda wenyewe wamekuwa wachache, pikipiki zimeshika kazi yao. Watabiri ndio wamezaliana. Kila mwenye simu anajua nani atashinda Marekani, na akikosea jioni, asubuhi anatabiri tena, shingo yake imenyooka tu.

Shingo ya bibi haikunyooka. Lile debe lilikuwa limetoboka pembe ya kushoto, na ili lisimlowanishe mgongo alilibeba kichwa kimeinamia kulia msimu mzima. Likatengenezwa, punda akarudi, yeye akabaki hivyohivyo, kichwa kimeinama kidogo kulia, hata kanisani, hata akila. Padri alidhani anasikiliza sana mahubiri. Alipofariki, wanawake waliokuja kumwandaa walijaribu kumnyoosha shingo ilingane na mwili. Niliwaambia waiache.